Kuvuka, Kukiuka, Kuingilia: Tafakuri Kuhusu Kitenzi Kimoja cha Mipaka

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi hana budi kutumia vitenzi vya mipaka. Tunasema kwamba mtunzi fulani ameipanua riwaya, mwingine amezivunja kaida, wa tatu ameikiuka arudhi, na wa nne amepindukia kabisa. Aghalabu vitenzi hivi huvitumia bila ya kuvitazama, mithili ya mtu apitaye mlangoni pake kila siku asijue bawaba zake ziko upande gani. Katika makala haya ninakusudia kukitazama kimoja, tena cha kigeni, kwa kuwa ninaamini kwamba kimechangia, kwa njia ambayo hatujaikiri, kuunda namna tunavyoyahukumu maandishi ya Kiswahili. Nacho ni kitenzi cha Kiingereza ‘trespass’.

Huenda msomaji akauliza: jarida la idara ya fasihi lina haja gani na kitenzi ambacho makazi yake ni vibaoni na mahakamani? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba neno lililowahi kumlinda mwandishi dhidi ya wajumbe wa mfalme, likamgeuza mkulima kuwa mgeni katika shamba la babu yake, na ambalo lingali likitamkwa katika sala na watu wasiohesabika, si mali ya mawakili peke yao. Isitoshe, historia ya kitenzi hiki ni historia ya swali moja lililopotea njiani. Swali lenyewe ni hili: aliyevuka amemdhuru nani? Ninanuia kuonyesha jinsi swali hilo lilivyokuwamo ndani ya neno, jinsi lilivyotoka, na jinsi lugha yetu ilivyolihifadhi hata pale wahakiki wake walipolisahau.

Asili ya kitenzi

Kiingereza hakikulizaa neno hili. Kililipokea kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka wa 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya baraza na ya mahakama. Umbo lake huko lilikuwa ‘trespasser’, na liliundwa kwa sehemu mbili zenye asili ya Kilatini: ‘trans’, yaani upande wa pili, na ‘passare’, ambalo nalo limetokana na ‘passus’, yaani hatua. Kwa hivyo maana ya msingi ni kupiga hatua hadi ng’ambo ya kitu. Hapakuwa na ubaya wowote katika mzizi huo. Palikuwa na mguu, na mahali pa kupita.

Lugha mbili jirani ziliugawana urithi huu kwa namna ya kustaajabisha. Mfaransa wa leo akisema ‘trépasser’ humaanisha kufa. Mpaka unaovukwa ni ule wa uhai, na anayeuvuka harudi wala hashtakiwi. Mwingereza alishika tawi jingine. Tangu zama za kati, alipolitumia neno hili alimaanisha kutenda kosa, kumkosea Mungu au kumkosea mwanadamu. Mpaka uliovukwa haukuwa ua wala mtaro, bali haki ya mtu mwingine.

Ushahidi mzuri wa maana hiyo pana umo katika Sala ya Bwana. William Tyndale alipoitafsiri Injili ya Mathayo kwa Kiingereza mwaka wa 1526, alilitumia neno hili kwa makosa tunayoomba tusamehewe. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza kikalifuata mwaka wa 1549. Watafsiri wa Biblia ya Mfalme James, mwaka wa 1611, waliandika ‘deni’ katika aya hiyo, neno ambalo li karibu zaidi na Kigiriki cha asili. Hata hivyo, neno la Tyndale lilikuwa limekwisha kuota mizizi vinywani mwa waumini, na wengi hawakuliacha.

Ningependa msomaji akitazame kihusishi kinachokifuata kitenzi hicho katika sala. Ni ‘against’, yaani dhidi ya, na kazi yake ni kumtaja aliyetendewa. Mtu hukosa dhidi ya mtu. Katika vibao vya mashamba kihusishi hicho hakimo. Kikihitajika kihusishi, huwa ni ‘on’, ambacho hutaja mahali. Mtu hukosa juu ya ardhi. Huenda badiliko hili likaonekana dogo, la wanasarufi wasio na kazi. Kwa maoni yangu ndilo kiini cha jambo lote. Aliyedhuriwa ametoka katika sentensi, na mahali pake pamekaa kiwanja.

Kitenzi mahakamani

Katika sheria ya Uingereza neno hili lilianza kwa upana uleule. Tangu karne ya 13 mahakama za mfalme zilisikiliza mashtaka ya aina hii kutoka kwa mtu aliyepigwa, aliyefungiwa ndani, aliyenyang’anywa ng’ombe wake, na aliyevamiwa shambani mwake. Sharti lilikuwa kwamba kitendo kiwe kimefanywa kwa nguvu na kwa kuivunja amani ya mfalme. Mwanahistoria wa sheria F. W. Maitland aliyaona mashtaka hayo kuwa mzazi wa mashtaka mengine mengi yaliyofuata. Hata leo mwanafunzi wa sheria hufundishwa kwamba kosa hili lina matawi matatu: dhidi ya mwili wa mtu, dhidi ya mali yake, na dhidi ya ardhi yake. Lakini masikioni mwa watu wa kawaida matawi mawili ya mwanzo yamekauka. Limebaki la ardhi.

Tawi hilo lina sifa moja ambayo mhakiki anapaswa kuizingatia. Anayeshtaki hahitaji kuthibitisha kwamba alipata hasara yoyote. Mtu akikanyaga nyasi za mwenzake bila idhini, asing’oe hata jani moja, amekwisha kukosa. Kosa ni kule kuvuka kwenyewe.

Haifai kuidharau kanuni hiyo, maana iliwahi kuwa ngao ya mnyonge. Mwaka wa 1762 wajumbe wa mfalme waliingia kwa nguvu nyumbani mwa mwandishi John Entick, jijini London, wakafungua masanduku yake na kuzichukua karatasi zake kwa tuhuma za uchochezi. Entick aliwashtaki kwa kosa hilihili, na mwaka wa 1765 Jaji Camden akaamua kwamba hati waliyokuja nayo haikuwa na nguvu yoyote ya kisheria. Hati ya waziri haikuwa imeugeuza mlango wa mwandishi kuwa njia ya serikali. Msomaji wa Kenya hatakosa kukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977, askari walipoingia nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong’o, wakachukua vitabu vyake, kisha wakamchukua na mwenyewe. Ngũgĩ alikaa kizuizini karibu mwaka mzima, na hapakuwa na kesi yoyote ambamo angeweza kuuliza ni nani aliyevuka mpaka wa nani.

Kwa hivyo ua una nyuso mbili. Kuna ua unaomkinga aliye ndani dhidi ya mwenye nguvu aliye nje, na kuna ua ambao mwenye nguvu huujenga kisha akamwita aliyekuwapo kabla yake mkosaji. Kitenzi ni kimoja kwa nyua zote mbili. Ndiyo sababu hatuwezi kukihukumu kabla ya kuuliza nani anakisema na nani anasemwa.

Kitenzi kinapoingia nchini

Kilipofika Afrika Mashariki, kitenzi hiki kilikuja kimekwisha kupunguzwa maana. Kilichoshuka nacho melini kilikuwa ni ramani. Sheria za Ardhi ya Mfalme za mwaka wa 1902 na 1915 ziliwapa walowezi mikataba ya miaka 99, na baadaye 999. Mwaka wa 1921 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba Mwafrika katika ardhi hiyo ni mpangaji anayekaa kwa hisani ya Mfalme wa Uingereza. Pwani, Sheria ya Hatimiliki ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi alete madai yake yaandikwe. Ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Walio wengi hawakuwa na karatasi ya kuleta, walikuwa na makaburi na minazi. Ndivyo neno ‘skwota’ lilivyopata uraia katika Kiswahili chetu. Mtu alilala akiwa mwenyeji, akaamka akiwa mkiukaji, na hakuwa amepiga hata hatua moja. Mpaka ndio uliomvuka.

Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ kuchapishwa, Weep Not, Child ya mwaka wa 1964, imejengwa juu ya kitendawili hicho. Ngotho anafanya kazi ya kijungujiko katika shamba la Bwana Howlands, shamba ambalo lilikuwa la ukoo wake. Kila siku anaingia humo kwa ruhusa. Wahakiki wamekwisha kuandika mengi kuhusu dhuluma hiyo. Ninachotaka kuongeza ni kwamba dhuluma ile ni ya kilugha pia. Ngotho hana kitenzi cha kulitaja kosa alilotendewa, ilhali aliyemtendea anacho kitenzi tayari cha kumshtakia.

Jambo jingine la kutafakari ni kwamba neno hili lilipata makali huku kuliko kwao. Nchini Uingereza, kwa desturi, kuingia tu katika ardhi ya mtu ni jambo la madai baina ya watu wawili, si jinai. Vibao vinavyotisha kwamba wakosaji watashtakiwa vilikuwa kwa muda mrefu vitisho vya mbao. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya wafanyakazi walipopanda mlima wa Kinder Scout ili kudai haki ya kutembea nyikani, waliliita tendo lao kwa jina hilohilo. Watano walifungwa, lakini mashtaka yao yalihusu ghasia, si kule kuingia. Naye A. A. Milne, katika kitabu chake cha watoto cha mwaka wa 1926, Winnie-the-Pooh, alikifanyia mzaha kibao cha aina hiyo: kimevunjika, limebaki neno la kwanza na herufi moja, na nguruwe mdogo anayekaa hapo anadai kwamba hilo ni jina la babu yake. Kicheko hicho kinawezekana kwa mtu asiyeogopa kibao.

Huku kwetu, sheria inayohusu jambo hili, Sura ya 294, ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukoloni ukiwa unafunga virago. Inamfanya mhalifu mtu anayeingia katika ardhi ya mwingine, akikaa humo, akijenga, akilima au akilisha mifugo, bila idhini ya anayeikalia na bila sababu ya haki. Mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ipo umewekwa juu ya mshtakiwa. Tazama orodha hiyo ya vitendo: kukaa, kujenga, kulima, kulisha mifugo. Katika lugha nyingine yoyote ya dunia hiyo ni orodha ya vitendo vya kuishi.

Mimi nililelewa karibu na shamba kubwa la mkonge katika upande wa kaskazini wa Mombasa. Njia ya kwenda kisimani ilikatiza humo, nyembamba, nyeupe, imekanyagwa na wanawake wa vizazi kadhaa hata nyasi zikakata tamaa. Mwanzoni mwa njia hiyo palikuwa na kibao chenye maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeyasoma, na chini yake maneno mawili ya Kiswahili: HAKUNA NJIA. Nilipojua kusoma nilimsomea bibi yangu mzaa mama. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Mjukuu wangu, aliyeandika hivyo hakuangalia chini.” Akajitwika mtungi wake tukapita.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipotambua kwamba kibao kile kilikuwa na tafsiri mbovu iliyosema ukweli. Kiingereza cha juu kilimtuhumu mpita njia. Kiswahili cha chini hakikumtuhumu mtu. Kiliikana njia yenyewe. Ili mtembezi awe mkosaji, ilibidi kwanza njia aliyoikuta isemwe kwamba haipo.

Vitenzi vyetu

Je, Kiswahili kinalisemaje jambo hili? Kinavyo vitenzi kadhaa, na kila kimoja kinauona mpaka kwa jicho lake.

Kuvuka ni kitenzi kisicho na lawama. Mtu huvuka mto, huvuka barabara, huvuka bahari. Maelfu ya watu huvuka Likoni kila siku wasiwe wakosaji. Kivuko ni mahali pa heri, na methali inayotukanya tusimtukane mamba kabla ya kuvuka mto haimkemei anayevuka. Inamfundisha adabu ya safari. Ili kuvuka kuwe kosa ni lazima tuongeze neno jingine, tuseme kuvuka mpaka. Hata hapo, neno ‘mpaka’ halikubali kuwa ua tupu. Sisi husema mpaka Mombasa, mpaka kesho. Vivyo hivyo ‘hadi’, tulilolipata kutoka Kiarabu ambako asili yake ni kikomo, limekuwa kwetu neno la mwendo: hadi asubuhi, hadi tutakapoonana. Maneno yetu mawili ya kikomo ni maneno ya kufika. Kwa Mswahili, mpaka ni pale tunapokomea, na pia ni pale tunapokwenda.

Kukiuka ndicho kitenzi kilicho karibu mno na mzizi wa Kilatini, kwani nacho ni cha mguu. Maana yake ya kimwili ni kuinua mguu na kuupitisha juu ya kitu: kigogo, mtaro, mtu aliyelala. Nyumbani kwetu ilikuwa mwiko kumkiuka mtoto aliyelala mkekani. Ilisemwa kwamba hatakua. Aliyemkiuka kwa kutojua alitakiwa arudi palepale, kwa hatua ileile, ili amfungulie ukuaji wake. Sina haja ya kuitetea imani hiyo. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha jinsi kitenzi kilivyoelekezwa. Kosa la kukiuka lilikuwa ni madhara kwa mwili wa mtu aliye chini na asiyeweza kujitetea, na dawa yake ilikuwa ni aliyetenda kurejea na kulitengeneza. Leo kitenzi hichohicho kina mayambwa mapya: mtu hukiuka sheria, katiba, kanuni, ratiba. Ni vyema kwamba tangu miaka ya 1990, wananchi walipopigania demokrasia ya vyama vingi, magazeti yetu yamekizoesha pia kwenda na ‘haki za binadamu’. Hapo mtu aliyelala mkekani amerejea katika sentensi.

Kuingilia ni kitenzi cha tatu, nacho ndicho kinachonivutia zaidi kwa sababu ya sarufi yake. Kuingia ni tendo la mwingiaji peke yake. Mara tu kitenzi kinapotiwa katika kauli ya kutendea, mtu wa pili anatokea: nimeingia, umeniingilia. Mambo yangu, mazungumzo yangu, mwili wangu. Kiambishi kidogo kimefanya kazi ambayo katika Kiingereza hufanywa na kihusishi ‘against’. Na tazama jinsi Sala ya Bwana isaliwavyo na Wakatoliki wa Kiswahili: kosa linalosamehewa ni la wale ‘waliotukosea’. Si wale waliokosa tu. Kauli ya kutendea haimruhusu msemaji kumsahau aliyetendewa.

Inanibidi niseme wazi kwamba sidai kuwa sarufi humfanya mtu kuwa mwema. Waswahili wameingiliana na kukoseana kama watu wengine wote. Ninachodai ni kwamba lugha hii ina chombo cha kuuliza swali lililopotea katika ‘trespass’ ya vibaoni, na kwamba chombo hicho kimo mikononi mwetu kila tunapofungua kinywa.

Mipaka ya shairi

Sasa tuingie katika uwanja wetu. Mwaka wa 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kitabu hicho kilikuwa na manufaa makubwa, na sisi sote tuliofundishwa kuhesabu mizani na kupanga vina tuna deni kwake. Lakini jina lake lilitumia neno ‘sheria’, na sheria huzaa wakiukaji. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, tungo zisizofuata vina wala mizani, mjadala uliozuka ulifanana kwa kiasi kikubwa na kesi ya ardhi. Wengine walisema si mashairi kamwe. Wengine walisema ni uvamizi wa mikondo ya kigeni. Kwa muda mrefu shairi lililopungukiwa na vina au mizani limeitwa ‘guni’, na neno hilo likapanuliwa hadi likawafikia watunzi ambao hawakuwa wamepungukiwa na kitu, bali walikuwa wamechagua njia nyingine.

Ninaiheshimu hoja ya wanajadi kuliko inavyoheshimiwa na baadhi ya wenzangu. Arudhi si ua wa mlowezi. Ni kumbukumbu ya jamii, ni namna ambayo mashairi ya Muyaka yalivyoweza kutufikia kupitia vinywa vya watu kabla ya kukusanywa na kuandikwa. Kuna ua unaomkinga aliye ndani, na jamii ambayo lugha yake ilidharauliwa na wakoloni ina haki ya kuulinda mlango wake. Lakini hukumu iliyotolewa dhidi ya Kezilahabi ilikuwa aghalabu ni ile ya kesi ya nyasi. Kosa lilikuwa ni kule kuvuka kwenyewe. Hapakuulizwa aliyevuka amemdhuru nani.

Tena, kibao kilichosimamishwa kilikuwa na maneno yaleyale mawili. Hakuna njia, ilisemwa, ya kutunga kwa Kiswahili bila vina na mizani. Aliyeangalia chini angeona nyayo. Tumbuizo za kale zilikuwa na mishororo mirefu isiyogawanywa katika beti. Nyimbo za kazi, za jando na za kubembeleza watoto hazikuwahi kungoja ruhusa ya mtu ahesabuye mizani. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka wa 1979, walikwisha kutetea kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi wote. Njia ilikuwapo, imekanyagwa, hata kama haikuwa imechorwa katika ramani ya mwaka wa 1954.

Hebu tuwaweke watunzi wawili bega kwa bega. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka wa 1973 katika Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kwa upande wa arudhi, diwani hiyo haikukiuka kitu. Ni nadra kumpata fundi mwangalifu kuliko yeye. Kwa upande wa serikali, mtunzi wake alikuwa mhalifu. Kezilahabi naye aliivuka arudhi. Ni nani kati ya hawa wawili aliyevuka mpaka? Jibu linategemea kabisa ni ua wa nani tunaousimamia. Ama Alamin Mazrui, aliyezuiliwa baada ya tamthilia yake Kilio cha Haki ya mwaka wa 1981, alipotoa Chembe cha Moyo mwaka wa 1988 alikuwa amezivuka nyua zote mbili kwa mpigo.

Swali la ‘amemdhuru nani’ halimwachilii mtu yeyote huru kwa urahisi. Linamrudia mtunzi wa mashairi huru pia. Mshairi anayetupa vina na mizani, asilete badala yake pumzi, picha wala fikra, amemwibia msomaji wake. Alimnyang’anya mapigo akampa nafasi tupu kwenye ukurasa. Huyo ana kesi ya kujibu, kwa sababu aliyedhuriwa anajulikana. Upande wa pili wapo watunzi wasiowahi kukosa kina hata kimoja, ambao kwa miaka mingi walipanga mizani sahihi kuwasifu watawala waliokuwa wakiwatesa watu. Hao hawakukiuka kitu. Lakini walikosea watu, na uhakiki unaopima mipaka peke yake hauna njia ya kuliona kosa lao.

Katika semina moja mwanafunzi aliniuliza, baada ya mabishano marefu kuhusu tungo ya aina hii, “Mwalimu, kama hili si shairi, ni nini basi lililonifanya nilie?” Darasa lilicheka. Nilimwomba aelezee ni mstari gani uliomliza na kwa nini, na kwa saa nzima iliyofuata tulifanya uhakiki wa kweli. Hakuna aliyeuliza tena kama tulikuwa tumeingia kwa ruhusa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kitenzi ‘trespass’ kilianza kikiwa neno la hatua, kikawa neno la makosa ya mtu kwa mtu, kisha kikasinyaa hadi kikatoshea kwenye kibao. Katika umbo hilo la mwisho ndimo kilimotufikia, kikiwa na nguvu za jinai ambazo hakikuwa nazo kwao. Si ajabu kwamba watu waliolelewa chini ya vibao hivyo, nasi wahakiki tukiwa miongoni mwao, tulijifunza kuiona kila hatua ya ng’ambo kuwa hatia kabla ya kuuliza imemwangukia nani.

Pendekezo langu ni dogo, nalo ni la kisarufi. Tunapotafsiri kitenzi hiki tusitosheke na neno moja. Palipovukwa kanuni, tuseme kukiuka. Palipotendewa mtu, tuseme kuingilia au kukosea. Na kila tunapoandika katika uhakiki wetu kwamba mtunzi fulani amekiuka, tuitie sentensi hiyo katika kauli ya kutendea, tuone kama inasimama: amemkiukia nani? Tukimpata aliyedhuriwa, tumwandike jina lake, kesi iendelee. Tusipompata, tuinamishe macho tuangalie chini, huenda hapo tuliposema hakuna njia pana nyayo za watu.